Mstari wa Ulanzi katika Kipande Namba Nane

Binti yangu wa pili anaishi Iyunga. Ana mume, watoto watatu, kazi ya mshahara na kazi nyingine isiyo na mshahara, na hiyo isiyo na mshahara ndiyo anayoipenda. Akirudi jioni anafungua kompyuta juu ya meza ya kulia chakula na kuandika, kwa lugha iitwayo JavaScript, vipande vya kuweka kwenye skrini: kitufe cha kubonyeza, kisanduku cha kutia tiki, orodha inayofunguka ukiigusa, kalenda ya kuchagulia tarehe. Vipande hivyo vinakwenda kwenye ghala moja la wote. Mtu yeyote duniani anaweza kuvichukua bure, akavitumia, akavirekebisha na kuvirudisha vikiwa bora. Wenzake katika kazi hiyo hajawahi kuwaona. Mmoja yuko nchi ya theluji, mwingine yuko kisiwani, mwingine haijulikani yuko wapi ila anaamka mapema.

Mama mkwe wake anadhani amerogwa. Mimi sidhani hivyo, kwa sababu ugonjwa huo ameurithi kwangu.

Wiki iliyopita nilikuwa pale mezani namenya viazi, naye anagonga vitufe. Alikuwa ametengeneza kalenda mpya, mistari zaidi ya mia nne, kazi ya mwezi mzima. Akaituma kwa mkaguzi wa ghala, maana hakuna kipande kinachoingia bila mtu wa pili kukipitia. Sikuwa nimemaliza kiazi cha pili aliponiambia, "Mama, imepita. Amejibu ndani ya dakika moja."

"Amesemaje?"

"Ameandika, iko vizuri."

"Amesoma?"

"Si nimekwambia, ameandika iko vizuri."

"Nimesikia alichoandika. Nimekuuliza kama amesoma."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mama anayemenya viazi na kuacha nusu ya kiazi kwenye ganda. Basi nikaweka kisu chini, nikamsimulia habari ya mstari wa ulanzi. Nilikuwa nimewaficha watoto wangu wote habari hiyo, kwa sababu ndani yake mimi si mtu mzuri sana.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Mbeya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Miaka hiyo mambo ya ofisi yalikuwa yanahamia kwenye Kiswahili. Fomu za Kiingereza zilikuwa zinatupwa moja moja, na kila ofisi ilikuwa inajitungia zake. Kutunga maswali ilikuwa kazi ya wakubwa. Kuchora mistari, visanduku na nukta za kujazia ilikuwa kazi yetu. Unapachika stensili kwenye mashine, ile karatasi ya nta ambayo kila herufi unayogonga inaitoboa, halafu wino unapita kwenye matundu hayo katika mashine ya kurudufu na kutoa nakala hata elfu. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri ikauke, unagonga tena. Fomu moja ya kurasa mbili ilikuwa inanimaliza siku nzima, na mimi kwa asili ni mvivu. Nalisema hilo bila aibu kwa kuwa uvivu ndio ulioanzisha jambo lenyewe.

Siku moja niligundua kwamba fomu zote ni fomu moja. Iwe ya mbwa kichaa, ya leseni ya duka au ya kuomba mbegu, kichwa ni kilekile: jina, kijiji, kata. Miguu ni ileile: sahihi, tarehe, mahali pa muhuri. Kinachobadilika ni tumbo tu. Nikakaa wiki nzima nikichapa kila kipande kwenye karatasi yake, safi kabisa, nikavipa namba, nikavitia kwenye jalada moja la kijani. Tangu siku hiyo mkubwa akitaka fomu, napanga namba moja, namba tatu na namba kumi, moja chini ya nyingine, nanakili, na saa nne nakunywa chai.

Ningeweza kunyamaza nikaendelea kunywa chai. Lakini ufundi usioonwa na mtu unawasha. Nikaandika barua kwa Karani Mpiga Taipu, Iringa, ofisi kama yetu, mtu nisiyemjua: "Ndugu, hivi ni vipande vya fomu. Chukua, tumia, usiombe ruhusa. Ukirekebisha chochote, rudisha ili tufaidi wote." Nikalifunga jalada kwa kamba ya katani, nikampa utingo wa basi pamoja na kichane cha ndizi kwa ajili ya usumbufu.

Nilitegemea shukrani. Jalada lilirudi baada ya wiki mbili bila hata salamu. Nyuma ya kila karatasi, juu kabisa, lilikuwa limechapwa neno moja, "Nimesoma," na chini yake orodha ya dhambi zangu. Kipande namba moja: neno "kata" limepewa nafasi ndogo, kuna kata zenye majina marefu. Kipande namba mbili: nukta zako zinatembea ovyo kama watu wanaotoka gulioni Mbalizi. Kipande namba tano: sijui ni kisanduku au ni kibanda kilichopigwa na upepo. Mwisho wa yote sahihi ilikuwa "Iringa", basi, hakuna jina.

Kwa siku mbili sikumsalimia mtu ofisini. Siku ya tatu nikachukua rula nikapima, nikakuta kila neno ni kweli. Nikanyoosha vyote, nikarudisha na ujumbe: "Ndugu Iringa, nimerekebisha. Naona siku ile ulisoma kabla hujaonja ulanzi." Ulanzi, kwa asiyeujua, ni pombe ya mianzi, na sisi wa Mbeya tulikuwa tunawatania watu wa Iringa kwamba msimu wake ukifika hata jogoo wao anawika kwa kupepesuka. Jibu lilikuja: "Nimesoma. Ndugu Mbeya, afadhali anayeona mistari miwili kwa ulanzi kuliko anayechapa miwili akidhani ni mmoja. Punguza kujisifu, ongeza nukta."

Hapo ndipo tulipokuwa watani. Tukajiwekea na sheria: kipande hakitumiki popote mpaka mwenzako aandike Nimesoma.

Kazi ilinoga. Mashine ya Iringa ilikuwa na herufi nene kuliko yangu, hivyo kipande kilichokaa vizuri kwangu kilimwagika kwake nje ya ukurasa. Tuligombana miezi miwili juu ya hilo, mpaka yeye akapata njia: kila kipande kipimwe kwa rula na si kwa idadi ya herufi. Njombe nako walisikia, wakaomba jalada, wakakaa nalo mvua nzima, na walichochangia ni pambo la maua lililochapwa kwa herufi x. Iringa akaandika nyuma yake, "Nimesoma. Mbuzi wangu angelipenda." Tulilitunza hata hivyo, maana mtu akileta mchango humtupii.

Watumiaji nao walichangia. Kipande namba nane kilikuwa cha kaya na mifugo, na mimi nilikuwa nimeweka visanduku viwili tu kwa idadi ya ng'ombe, kwa akili za mtu aliyekulia kwenye ndizi. Mzee mmoja, miongoni mwa wale waliohamia bonde la Usangu na makundi yao kutoka kaskazini, alijaza namba ya kwanza kisanduku cha kwanza, ya pili kisanduku cha pili, na ya tatu akaiandika kwenye meza yangu. Nilipomuuliza akasema kwa upole, "Binti, zizi lenu dogo." Nikaongeza visanduku viwili siku hiyohiyo. Iringa alifurahi kupita kiasi, akataka yule mzee aandikwe kwenye jalada kama mwenzetu wa nne.

Sasa, mimi nilikuwa nimeshamchora Ndugu Iringa kichwani. Alikuwa kijana, mrefu, mwembamba, anavaa sweta na miwani, hajaoa. Ukali ule wa pambizo niliuona kama ukali wa mtu anayesubiri kupata mke mwenye nukta zilizonyooka. Nikiwa na hamu ya kumchekesha, na siku hiyo mkubwa wangu akiwa safarini, nilikichapa upya kipande namba nane na visanduku vyake vipya, na katikati, baada ya kuku na kabla ya nguruwe, nikaongeza mstari: "Idadi ya mbeta za ulanzi alizokunywa mkuu wa kaya kabla ya kujaza fomu hii." Mbeta ni kile kipande cha mwanzi wanachogemea. Nikaweka nukta hadi ukingoni, nzuri sana, hazijawahi kunyooka vile. Nikampa utingo.

Nilidhani ataufuta na kunitukana vizuri. Jalada liliporudi nilifungua, nikahesabu karatasi, zote zilikuwepo. Sikuzigeuza. Nilikuwa na uchumba wa kichwani, harusi ya rafiki kule Tukuyu na gauni la kushona, na maneno ya nyuma nilishayazoea. Nikalitia jalada kabatini.

Wiki tano baadaye utingo alikuja bila jalada, ana kikaratasi kilichokunjwa mara nne, alichopewa na tarishi wa ofisi ya Iringa: "Karani wetu anaitwa kujieleza Ijumaa. Ni juu ya mstari wa ulanzi. Fomu za kuomba mbolea zimekwenda vijiji vyote. Wanasema atafukuzwa."

Niliketi chini, kwenye saruji, na sketi yangu ya ofisi. Nilijua mara moja kilichotokea, au nilidhani najua: Ndugu Iringa alikuwa ameniamini, akanakili kipande changu bila kukisoma, na mimi ndiye niliyemponza. Nikamwambia mkubwa wangu jino linaniua, hapa Mbeya hakuna wa kuling'oa. Alhamisi alfajiri nilikuwa kwenye basi. Nakiri kwamba nilivaa lile gauni jipya. Mtu anaweza kwenda kutubu na bado akataka aonekane.

Igawa basi lilisimama ili watu wapate chakula, mimi sikushuka. Makambako nikajizoeza maneno ya kukiri. Mafinga nikayabadilisha. Kuanzia Ipogolo, basi linapoupanda ule mlima kuingia mjini, nililia kidogo, mama mmoja akanipa chungwa. Nikalala kwa shangazi ya rafiki yangu, na Ijumaa asubuhi nikafika ofisini.

Nje ya mlango wa ofisa palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa mama wa umri wa mama yangu, mnene, sweta ya kijivu, anafuma soksi. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi?"

"Namtafuta karani mpiga taipu anayeitwa kujieleza leo."

"Ndiye mimi."

Mwaka mzima nilikuwa nimemwita mtu wa shikamoo mlevi, tena kwa maandishi, nakala mbili kwa kaboni. Nikasema, "Mimi ndiye Mbeya."

Aliacha kufuma. Akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Nilidhani Mbeya ni mwanamume," akasema. "Mwanamke kuacha nukta zinaning'inia vile? Kaa."

Nikakaa. Hapo benchini nikajua ni mjane, mzee wa kanisa la Kilutheri, mwimbaji wa kwaya, na ana watoto wanne shuleni. "Hiyo mashine yangu iliyomo humo ndani," akasema, akionyesha kwa sindano ya kufumia, "ndiyo baba yao sasa." Nikataka ardhi ipasuke. Nilitaka kumwomba radhi, mlango ukafunguliwa.

Ofisa alikuwa mtu mpana, kalamu mbili mfukoni, na mbele yake marundo ya fomu yaliyofika kidevuni. Hakutukaribisha viti. Alichukua fomu ya juu akaanza kusoma, kwa sauti ya kusoma hukumu, majibu ya wananchi kwa mstari wangu.

"'Hakuna, mimi ni Mlutheri.' 'Mbili, lakini nilikuwa nimeshaanza kujaza.' 'Swali limechelewa, fomu ilifika saa kumi jioni.' 'Naomba mke wangu asiulizwe.' 'Tano, kama mbolea inagawiwa kwa mbeta. Kama sivyo, moja.' 'Mwaka huu mianzi haikutoa vizuri, ofisi isaidie.'" Akaweka fomu chini. "Kijiji kimoja wameitisha mkutano, wakakubaliana wote waandike tatu. Nani ameandika swali hili?"

Mimi nilikuwa nimekimeza kicheko kama kidonge. Nikasogea mbele. "Ni mimi, Ndugu. Natoka Mbeya. Mstari ni wangu, nilikuwa natania. Mama huyu hana kosa. Alinakili tu, hakusoma."

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikageuka nimwone akifarijika. Mama yule alikuwa amesimama wima, na uso aliokuwa nao sijauona tena kwa mtu, hata siku nilipogonga gari la mchungaji.

"Binti," akasema polepole, "umesema nini?"

"Nimesema hukusoma, mama."

"Miaka kumi na tisa nipo kwenye mashine ile. Haijapita karatasi chini ya mikono hii ambayo sikuisoma." Akamgeukia ofisa. "Ndugu, nimesoma. Mstari niliuona, tena mara ya kwanza."

"Uliuona ukauacha?"

"Niliuacha. Huyu ni mtani wangu. Ningeufuta angesema nimekasirika, na mtani hakasirikiwi. Tena nukta zake zilikuwa zimenyooka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikaona huruma kuziharibu." Akavuta pumzi. "Kisha nikakuletea mezani stensili uisome, kama ilivyo desturi. Nikajua wewe utaukata, na mimi nitakuwa sijamkatalia mtani. Wewe ukasaini. Nikasema basi, mkubwa amesoma, ameona unafaa."

Ofisa akachukua fomu moja, akaangalia chini, pale kwenye kipande namba kumi, sahihi na muhuri. Sahihi ilikuwa yake. Akaangalia nyingine, kana kwamba huenda ile ilisainiwa na mtu mwingine. Nje tarishi alikuwa anakohoa kwa namna ya mtu anayesikiliza mlangoni.

Alikuwa na njia mbili tu, na sote watatu tuliziona. Aseme hakusoma alichosaini, au aseme alisoma. Alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha, akatoa ya pili.

"Nilisoma," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Ndugu," akajibu mama.

"Ni swali la ofisi."

"Ndiyo, Ndugu."

"Basi majibu yajumlishwe kama majibu mengine." Akanitazama. "Na huyu wa Mbeya, kwa kuwa amefika, asaidie."

Hakufukuzwa mtu. Nilikaa mpaka Jumamosi mchana nikijumlisha mbeta kijiji kwa kijiji, na jedwali likapelekwa ngazi ya juu likiwa na muhuri. Jambo la ajabu ni kwamba mistari mingine ya fomu ile ilijazwa kwa kubahatisha, ng'ombe walifichwa, ekari zilipunguzwa, lakini mstari wa ulanzi hakuna aliyeuacha wazi.

Wakati wote ule mama hakusema nami ila "lete" na "shika". Alinisindikiza kituoni kwa sababu adabu ilimlazimu. Nilipoanza kumwomba radhi juu ya ulanzi akanikatiza.

"Utani sina neno nao. Ungeniita mlevi mbele ya askofu ningecheka. Lakini umesimama mbele ya mkubwa wangu ukasema sisomi. Hilo, mwanangu, sijui nilipeleke wapi."

Akaondoka na soksi zake. Nilisafiri njia nzima nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya aibu. Nilijitetea moyoni: ningejuaje kama alisoma? Nani angejua? Hata baada ya Igawa nilikuwa bado najitetea.

Jumatatu nilifungua kabati, nikatoa jalada la kijani, nikatafuta kipande namba nane. Nikakigeuza. Kilikuwa kimekaa pale zaidi ya wiki tano, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Nyuma, juu kabisa, kwa zile herufi nene:

"Nimesoma. Mbeta mbili, na ilikuwa harusi ya mdogo wangu. Ndugu Mbeya, huu nauacha kama ulivyo. Kama umeingiwa na hofu, ufute wewe na unijulishe kabla ya mwisho wa mwezi, maana fomu ya mbolea inakuja. Nukta ni safi. Iringa."

Nilicheka mpaka mkubwa akachungulia, halafu nikalia mpaka akarudisha kichwa chake ndani. Mtu pekee ambaye hakuwa amesoma ni mimi, na mimi ndiye niliyepanda basi kwenda kumshtaki mwingine.

Nikaandika barua, ukurasa mzima, bila utani hata mmoja. Nilimwita mama. Nilimwambia sikusoma, nilimwambia jalada lilikuwa kabatini, nilimwambia nimempa mzigo wangu mbele ya watu. Niliichapa mara tatu ili isiwe na dawa nyekundu hata mahali pamoja. Nikaitia kwenye jalada pamoja na vipande vyote, nikampa utingo kichane cha ndizi. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili kimya. Wiki ya tatu nikaanza kuwaza kutafuta kazi Njombe, nichape maua.

Jalada lilirudi wiki ya nne. Barua yangu ilikuwa ndani, juu ya vipande. Sikuangalia mbele. Niliigeuza.

"Nimesoma. Mstari wa nne kutoka chini, pambizo imeingia ndani herufi mbili. Rekebisha, mwanangu, urudishe. Iringa."

Niliirekebisha siku hiyohiyo. Tuliendelea miaka mingi, mpaka alipostaafu, na sikuweka tena karatasi kabatini bila kuigeuza.

Nilipomaliza kusimulia, viazi vilikuwa vimeshaanza kuwa vyeusi. Binti yangu akavuta kompyuta, akamwandikia yule wa dakika moja. Alinitafsiria: salamu nyingi, asante kwa kupitisha kalenda, ila naomba kwanza uisome. Nilimwambia aongeze kwamba hana haraka.

Jibu lilichukua siku nne. Lilianza kwa kuomba radhi, na chini yake kulikuwa na makosa kumi na moja, mojawapo likiwa kwamba Februari yake ilikuwa na siku thelathini kila mwaka. Binti yangu alikasirika kiasi cha kutokula, na hakunisalimia mpaka kesho yake jioni. Mimi nilikula viazi vyangu na vyake.